Majani Yote Haya

Muuguzi wa zahanati alinipa karatasi ya picha:
chungwa, karoti, samaki,
kabichi iliyonona kama mto wa kulalia.
"Mama Kabula, damu yako imepungua.
Kula hivi, walau kimoja kwa siku."
Nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kanga,
pale ninapofungaga hela
siku ambazo hela ipo.

Sizya ana duka. Sisemi hana.
Ana soda, vocha, kiberiti, biskuti za glukosi,
mafuta ya kula kwenye vifuko vya fundo,
betri za tochi, sumu ya panya,
pipi za kurudishia chenji.
Nilimuuliza nyanya, akacheka mpaka akashika meza:
"Nyanya, dada? Kwa barabara hii?
Zikifika ni supu, na supu sina pa kuitundika."

Gulio ni Jumatano, kule stesheni,
kilomita ishirini na sita;
mvua ikinyesha, zinaongezeka.
Pikipiki elfu sita kwenda, elfu sita kurudi,
ndoo ndogo ya nyanya elfu tano.
Sikusoma sana, lakini hesabu hiyo
hata mbuzi wangu angeikataa.
Kwa hiyo anaenda Mihambo, kwa baiskeli,
na daftari la maagizo ya kaya saba:
vitunguu, migebuka mikavu, dagaa vikombe viwili,
ndizi za mgonjwa.
Anarudi usiku, tunamsubiri na taa.
Kila shimo la njiani limetoza ushuru wake,
na wa mwisho kuitwa jina
anapewa pole.

Na tumezungukwa na majani!
Fungua mlango: majani.
Nyuma ya choo: majani.
Mapana kama masikio ya tembo,
yenye mbolea ya mkopo, yamepaliliwa mara tatu,
yana bwana shamba wao, bani lao, kuni zao, mizani yao,
lori lao linalokuja mpaka mlangoni.
Lori!
Kwenye barabara ile ile
ambayo kabichi haiwezi kupita.

Mlenda ulikuwa unajiotea wenyewe hapa.
Bibi yangu hakuwahi kuutafuta; aliinama tu.
Siku hizi jina lake ni gugu.
Unapigwa jembe, na usiposikia, unapigwa dawa.

Kabula ana miaka minne.
Siku moja alichuma jani moja la tumbaku,
akaniletea kwa mikono miwili, kwa heshima:
"Mama, mboga."
Nikamnawisha kwa sabuni.
Nikamnawisha tena.

Usiku ule sikulala.
Alfajiri nikaingia shambani, nikang'oa tuta la kumi na tisa,
tuta zima, miche ikilia kwenye mizizi,
nikapanda kunde.
Mume wangu Nkwabi aliona, hakusema kitu.
Alikohoa tu,
kikohozi cha mtu aliyekubali na hataki kuulizwa.

Wiki ya tano akaja bwana shamba na kitabu chake.
Alihesabu kwa kalamu hewani:
kumi na saba, kumi na nane.
Akasimama.
Kunde zilikuwa zimekwisha kutambaa,
laini, zimelowa umande, hazina adabu.
"Na hii ni tumbaku ya aina gani?"
"Ya kuchemsha," nikasema,
moyo ukinidunda mpaka kwenye ile karatasi ya pindoni.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akachutama, akachuma konzi moja, ya pili, ya tatu,
akazisokomeza kwenye mkoba wa fomu.
"Ninakokaa mimi," akasema bila kuniangalia,
"gulio liko mbali zaidi ya lenu."
Kitabuni akaandika: matuta yote yapo.

Wiki iliyofuata alirudi,
na mkoba mkubwa zaidi.